Mtumbwi wa Miche

Mama Bitondo alinitambua kwa sauti. Jicho lake moja lilikuwa limefunikwa bandeji, la pili likisubiri zamu yake ya upasuaji, na nilipoingia katika chumba cha wagonjwa hospitalini hapa Goma nikasalimia watu wote kwa mkupuo mmoja, yeye akainua kichwa kutoka kwenye mto akauliza kwa nguvu, mbele ya wagonjwa wengine watano na ndugu zao: "Ule njo Furaha wa mashu? Ungali unapanda mbegu karibu-karibu, sawa muntu anamwanga chumvi?" Nilicheka hadi muuguzi akachungulia mlangoni. Shu ndilo jina tunaloipa kabichi huku kwetu Kivu, na mimi nimeishi kwa shu: nimeotesha miche, nimeigawa, nimefundisha wengine kuiotesha, na siku hizi hata vijana waliosoma kilimo huja uani kwangu wakiwa na madaftari yao. Lakini anayejua nilivyoanza ni yeye, bikizee huyu wa Walikale mwenye mikono mizito. Nilikaa ukingoni mwa kitanda chake tangu asubuhi hadi walipoleta chakula cha mchana, tukikatizana maneno, kila mmoja akimsahihisha mwenzake. Nilipofika nyumbani niliketi mezani nikaanza kuandika kabla sijavua viatu, kwa sababu mwaka ule nimewahi kuusimulia mara nyingi, na kila mara nimeacha sehemu ya aibu.

Mwaka ule ulianzia Kibabi, milimani Masisi, jikoni kwenye parokia, siku Mama Roza alipokula sahani tatu za shu. Nilikuwa na miaka kumi na tisa na kazi yangu ilikuwa kubeba maji ya bustani. Jikoni mle kuta zilikuwa nyeusi kwa masizi hata zikang'aa, nje ukungu umefunika milima, na juu ya meza kulikuwa na viazi vilivyochemshwa na maganda yake na shu iliyokatwa nyembamba, ikakaangwa kwa kitunguu na siagi ya ng'ombe. Mama Roza alizaliwa kilima cha pili kutoka pale, katika watu wa ng'ombe, watu wa kuamka na kukamua, lakini mume wake alikuwa mwalimu kule Walikale, chini msituni, na huko ndiko alikokuwa akikaa. Alikuwa amepanda kuja kumwona mama yake mgonjwa. Alikula kama mtu aliyetoka kifungoni. "Kule kwetu shu inafika mugongoni mwa muntu," alisema, akipangusa sahani kwa kipande cha kiazi. "Siku tano mu njia! Ikifika, majani ya inje iko manjano, ya ndani iko inanuka, na bado tunaigombania. Bamama ba chama yetu ya kanisa banataka tupande yetu wenyewe. Njo nauliza: nani hapa anajua kazi ya pepinyeri?" Pepinyeri ni kitalu, pale mbegu inapooteshwa kwanza kabla mche haujahamia shambani. Na aliyeijua kazi ile alikuwa mmoja tu, Papa Serafini, mtunza bustani wa parokia, ambaye saa ile alikuwa nje akinoa jembe. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni na ndoo mkononi. Sijui ni kitu gani kilinisukuma. Labda ni jina lenyewe, Walikale, mahali ambapo watu walitoka wakisimulia mito na miti isiyo na mwisho, nami nilikuwa sijawahi kufika hata Mubambiro, kwenye njia ya kwenda Goma. "Miye," nikasema. "Miye najua."

Papa Serafini alipoambiwa alinitazama, kisha akatazama ndoo yangu. Hakunisaliti. Alijua Mama Roza angerudi Walikale baada ya wiki tano, akasema tu, "Bon. Iko na wiki tano mbele yake. Akuye kwangu kesho mapema." Na wiki zile tano zilikuwa tamu! Alinipeleka mbio kama mtu anayepakia gari linalotaka kuondoka. Tuliinua tuta hadi kimo cha kiganja, upana wake mkono uweze kufika katikati bila mguu kukanyaga. Tulivunja kila bonge la udongo kwa vidole, tukachanganya samadi ya ng'ombe iliyokaa hadi ikapoteza harufu, tukachora mistari kwa kijiti, vidole vinne kati ya mstari na mstari. Mbegu ya shu ni ndogo, duara, ya rangi ya kahawia, inateleza vidoleni. Alitaka niiweke mojamoja, niifunike kwa udongo mwembamba kama blanketi la mtoto, kisha nyasi kavu juu, na nyasi ziondolewe siku ileile vichwa vya kwanza vinapotokeza. Niliyasikia yote. Kuyashika ni jambo jingine. Akili yangu ilikuwa imekwisha kuondoka, iko njiani, inavuka mito. Aliponiambia neno kubwa kuliko yote, lilinipita sikioni kama upepo: "Furaha, ubebe mbegu, hapana miche. Mutoto wa shu hapendi safari. Mbegu iko inalala, hata ukiibeba mwezi mzima haitajua kama imesafiri." Mama Roza alitaka kuingia Walikale na kitu cha kijani mkononi, nami nilitaka hivyohivyo. Tukang'oa miche. Papa Serafini hakubisha, ila alinifungia mbegu katika kikopo cha dawa, akakifunga kizibo kwa nta, akanitia mkononi.

Tulichovya mizizi katika tope, tukaifunga miche kumikumi kwa maganda ya mgomba, tukaipanga wima katika vikapu viwili. Lori lilitufikisha Nyabiondo, juu ya magunia ya maharagwe, mimi nimekumbatia kikapu kama mtu anayembeba mgonjwa. Kutoka pale tulitembea. Siku nne! Milima ilianza kushuka chini ya miguu yetu, baridi ikabaki nyuma, migomba ikawa mirefu, kisha msitu ukatufunga pande zote, na jasho likaanza kunitoka hata tukiwa tumepumzika. Kila kijito tulichovuka nilinyunyizia miche kwa kiganja. Kwenye kizuizi kimoja mwanajeshi alitumbukiza mkono kikapuni akitafuta alichokitafuta, akatoa fungu la miche, akaligeuza. "Hii njo nini, mama?" Mama Roza akamjibu, "Ni batoto. Banalala. Ukibaamusha utababeba weye." Yule mwanajeshi akacheka, akarudisha fungu mahali pake taratibu, kwa mikono miwili. Tuliendelea tukicheka hadi tumbo likauma, na siku ile sikuona kwamba majani ya chini yalikuwa tayari yamelegea.

Walikale nilipenda kila kitu. Nilipenda nyumba ya mbao ya Mama Roza na bati lake ambalo mvua ikipiga watu walinyamaza, kwa kuwa hakuna sauti iliyoweza kushindana nayo. Nilipenda chumba changu, kilichotengwa na sebule kwa ubao mmoja tu, kitanda cha fito, gunia la mpunga pembeni. Nilipenda bugali wa muhogo na sombe, yaani kisamvu, iliyomiminiwa mawese, na samaki wa mto Lowa waliokaushwa kwa moshi. Mama Roza mwenyewe alikuwa na huzuni moja tu, chai. Aliipika kwa maziwa ya unga na kila alipoikoroga alisema, "Watu ba kwetu bakiona hii, bataziba uso." Na kesho yake asubuhi nilikutana na Mama Bitondo. Alikuwa mwenyekiti wa wanawake wa kanisa, mfupi, mpana, mikono kama ya mtu anayepiga kasia kila siku, na ndivyo ilivyokuwa. Alinipeleka hadi shamba la chama, karibu na mto. Nusu ya shamba ilikuwa wazi, udongo umegeuzwa, na kando kulikuwa na rundo la miti ya mihogo iliyong'olewa, mingine mizizi yake bado midogo kama vidole. "Tulikungolea hii," alisema. "Haikukuwa imekomaa. Bamama kumi na mbili balikubali. Miye nilisema shu haiwezi kufunga kichwa hapa, jua iko mingi. Bakanishinda. Sasa fanya kazi yako."

Tulipanda jioni ile, jua likiwa limepoa, kama Papa Serafini alivyonionyesha. Siku ya tatu miche ilikuwa imelala chini. Siku ya tano ilikuwa karatasi. Siku ya tisa ilibaki saba, kisha haukubaki hata mmoja, na wanawake waliopita kwenda mtoni walikuwa wakisalimia kwa adabu huku macho yao yakitazama mahali pengine. Sikukata tamaa, la! Ndiyo kwanza nilichemka. Nilikuwa na kikopo. Nilivunja nta, nikainua tuta, nikamwaga mbegu zaidi ya nusu kwa pupa, bila mstari, nikifikiri kwamba nikiweka nyingi zitakufa chache. Nikamwagilia asubuhi, nikamwagilia saa sita, nikamwagilia mangaribi. Siku ya tatu, nakumbuka nilipiga kelele, siku ya tatu tu, maana joto la kule linaamsha mbegu mapema kuliko milimani, tuta lote lilikuwa kijani! Nilikimbia hadi nyumbani kwa Mama Roza nikiwa peku, tukarudi wote wawili mbio, yeye na unga wa muhogo mikononi, tukaimba pale shambani. Siku ya sita nilikuta miche imeanguka upande mmoja wa tuta, kama mtu ameipitishia uzi shingoni. Shina lilikuwa jembamba na jeusi pale linapogusana na udongo. Siku ya nane lilibaki tope na uzi wa kijani.

Mchana wa siku ile wanawake walikusanyika sebuleni kwa Mama Roza. Mvua ilikuwa ikinyesha kwa nguvu nami nilikuwa chumbani, nimekaa juu ya gunia la mpunga. Halafu mvua ikakatika ghafla, kama inavyofanya kule, na sauti zao zikapita ubao wazi kabisa. "Tulingoa mihogo ya batoto betu," alisema mmoja. Mwingine akasema, "Huyu mutoto wa Masisi hajue kitu." Nikasubiri Mama Bitondo aongezee. "Anajua kitu moja, kukimbia," alisema. "Asubuhi anakimbia na maji, saa sita anakimbia na maji, mangaribi anakimbia na maji. Ile ya kwanza ilikufa na safari na jua. Hii ya pili imekufa na maji, bamama. Ilizama. Niliona, nikanyamaza, juu yeye njo mwenye kujua." Mama Roza akasema kwa sauti ndogo kwamba ni yeye aliyenileta, kama kuna lawama ni yake. Hapo ndipo nilipoinuka. Ni hatua nne tu kutoka kwenye gunia hadi sebuleni, na hadi leo, nikisimama mbele ya watu kufundisha, huzihesabu kichwani. "Mama Roza hana kosa," nikasema. "Miye nilimudanganya. Kule Kibabi nilikuwa nabeba maji tu. Kazi ya pepinyeri iko ya Papa Serafini. Niliona akifanya, nikafanya naye mara moja, lakini sijue." Mama Roza aliweka kikombe chini. Wanawake wengine walitazama magoti yao. Nikasubiri nifukuzwe, na akili yangu ilikuwa imekwisha kuanza kukunja nguo. Mama Bitondo akasema, "Aksanti." Kisha akavuta kiti chake karibu. "Sasa tunaweza kuanza. Mbegu imebakia?"

Ilikuwa imebaki kijiko kimoja cha chai. Niliileta, wakaipitisha kutoka kiganja hadi kiganja, na Mama Bitondo akataka nieleze kila kitu alichokifanya Papa Serafini, bila kuruka, na kila nilipofika mahali nisipokumbuka niseme sikumbuki. Nilisema sikumbuki mara nyingi. Lakini ajabu ni kwamba mengine yalirudi, yakatoka kinywani mwangu yamepangika, vidole vinne, mbegu mojamoja, nyasi zitolewe siku ileile. Niliposema tuta liinuliwe ili maji yateremke, yeye akapiga paja. "Mama yangu alikuwa anaotesha tumbako," alisema. "Mbegu ya tumbako iko mudogo kuliko hii, sawa vumbi. Hakukuwa anaiweka chini hata siku moja. Chini iko matone ya mvua inarusha udongo, iko kuku, iko mchwa. Alikuwa anaiweka mu mutumbwi." Nikadhani nimesikia vibaya. Wanawake wawili wakubwa wakaanza kuitikia, ndiyo, ndiyo, mtumbwi mzee, juu ya miti, hata bibi yangu! Na Mama Roza akasema taratibu: "Kwetu, chombo cha maziwa hatutie maziwa mbele ya kukifukiza na moto. Kama haukifukize, maziwa ya kesho inaharibika juu ya uchafu ya jana, hata kama macho haiione. Huu udongo uliua miche. Tuufukize." Mtu hapati siku nyingi kama ile. Tulikuwa tumekaa pale, wanawake wa msituni, mama wa ng'ombe na binti wa bustani, na kila mmoja alikuwa na kipande chake cha jibu bila kujua kwamba ni kipande. Mimi nilisimama, nikakaa, nikasimama tena. Mama Bitondo akaniambia, "Kaa, mutoto. Mutumbwi hautakimbia."

Mtumbwi wenyewe ulikuwa wa mume wa Mama Bitondo, umepasuka tumboni, umelala kichwa chini nyuma ya nyumba yao. Ufa ulitufaa, maji yangetokea pale. Tulitoboa na matundu mengine, tukaupandisha juu ya miti minne hadi kimo cha kiuno, tukaipaka miguu yake majivu ili mchwa wasipande. Chini tukatandika changarawe za Lowa. Kisha udongo: tulikwenda msituni kuchota ule mweusi ulio chini ya magogo yaliyooza, ukichota unahisi ni mwepesi kama unga, tukachanganya na mchanga wa mto na mavi makavu ya kuku, maana hapakuwa na ng'ombe. Tukaumwagia maji kidogo, tukautandaza juu ya bati kuukuu, tukawasha moto chini yake, na Mama Roza akausimamia kama anasimamia sherehe, akigeuza kwa koleo, akikataa mtu kuugusa hadi mvuke ulipotoka kila pembe. Ulitoa harufu ya mvua na ya uyoga. Ulipopoa tukajaza mtumbwi, tukachora mistari. Nilichukua mwiba mrefu wa mchungwa, nikawa natoboa kishimo, naweka mbegu, natoboa, naweka. Kazi ya kijiko kimoja cha mbegu ilichukua asubuhi nzima, na mgongo wangu ulilia, na sikutaka iishe. Juu tulijenga paa la makuti ya mchikichi. Mama Bitondo alichukua kopo la maziwa ya unga la Mama Roza, akalitoboa matundu madogo kwa msumari, akanipa. "Hili njo jembe yako. Asubuhi mara moja. Ukitaka kumwangia tena, kwanza ingiza kidole mu udongo. Kidole ikitoka na udongo, hapana maji."

Nilikuwa naingiza kidole mara kumi kwa siku! Kidole kilitoka na udongo mara kumi, nami niliweka kopo chini mara kumi, na hiyo ndiyo kazi ngumu kuliko zote nilizowahi kufanya kwa mikono yangu, kutofanya. Mbegu zilitokeza. Siku ya sita ilifika, siku ile ya mauaji, nami nilikwenda kwenye mtumbwi nikiwa nimefumba jicho moja. Miche ilikuwa imesimama. Siku ya nane ilikuwa imesimama. Ikatoa jani la kwanza la kweli, lenye mawimbi pembeni, si yale mawili ya utoto, na wanawake walianza kupita njia ile hata wale ambao kwao ilikuwa mzunguko. Kila wiki tulipunguza makuti juu ya paa, moja huku, moja kule, ili miche ijue jua kabla ya kukutana nalo shambani. Na katika siku za mwisho tulipunguza hata maji, kwa kuwa Mama Bitondo alisema mtoto anayekwenda safari hashindiliwi chakula. Ilipofikisha majani matano, shina nene kama kalamu, tuliihamisha jioni moja ya mawingu, kila mche na bonge lake la udongo, hadi mashimo yaliyotiwa majivu na mavi ya kuku. Wanawake kumi na wawili waliinama mstari mmoja. Ilikuwa ardhi ileile walikong'oa mihogo. Asubuhi nilikimbia shambani, safari hii bila maji, kwenda kuangalia tu. Miche haikuwa imelala. Niliketi chini katikati ya mistari nikalia kwa furaha, na mzee mmoja aliyekuwa akipita na nyavu zake akaniuliza nani amekufa. "Hakuna!" nikamwambia. "Hakuna hata mumoja!"

Mtu anayesimulia mwaka mzuri huwa na haraka ya kufika kwenye sherehe, lakini nisiseme uongo mara ya pili. Viwavi walikuja, tukawaokota kwa mikono kila alfajiri. Miche mingine haikufunga kamwe, ikabaki majani yaliyo wazi kama sahani, na Mama Bitondo aliipitia akisema "Niliwaambia," bila kinyongo, akayachuma akayapika. Lakini mwezi wa mawingu ulipoingia, joto likapungua kidogo, na asubuhi moja nikaona majani ya katikati ya shu moja yamegeuka ndani, moja limemlalia mwenzake. Nilibonyeza kwa kidole gumba. Palikuwa pagumu. Nilikwenda kwa shu la pili, gumu. La tatu, la nne! Hayakuwa makubwa kama ya Kibabi, yalikuwa kama ngumi mbili zilizoshikana, lakini yalikuwa yamefunga, zaidi ya nusu ya shamba yalikuwa yamefunga, na Jumapili iliyofuata baada ya ibada tuliyakata mbele ya watu wote. Shu changa kisu kikiingia hutoa sauti, kama mtu anayekanyaga jani bichi. Tulipika masufuria matatu, moja na mawese, moja na samaki, na moja Mama Roza alilipika peke yake na kitunguu na siagi aliyoagiza kutoka milimani, akakaa nalo kwenye kona akila polepole, hataki kusemeshwa. Mama Bitondo alikula lake bila chochote, bichi, akilivunja kwa meno. "Bon," alisema. "Nilishindwa. Munipe ingine."

Kabla mwezi haujaisha habari ilikuwa imevuka mto. Wanawake wa kijiji cha upande wa pili walituma ujumbe, wanamtaka yule binti wa Masisi aje awafundishe. Tulivuka kwa mtumbwi mzima, Mama Bitondo akipiga kasia, mimi nimeshika gunia la udongo uliofukizwa na mbegu mpya ambazo Papa Serafini alikuwa ameniletea kwa mkono wa mpagazi, pamoja na salamu fupi: nimesikia. Kulikuwa na watu kama thelathini wamekaa chini ya paa la kanisa lao. Mama Bitondo, kwa kuwa ndiye mkubwa, alisimama kwanza. Nilijua lazima ataanza na historia, na nilijua historia inaanzia wapi. Niliangalia miguu yangu nikingojea kusikia mbele ya watu wale wote kwamba mimi nilidanganya, kwamba mimi nilimwaga mbegu kama chumvi, kwamba kwa ajili yangu watoto wa watu walikosa mihogo. Naye angekuwa na haki. Alianza kwa sauti yake ileile isiyo na haraka. "Musiogope kama ya kwanza inakufa," alisema. "Siye tuliua pepinyeri mbili. Ya kwanza tuliiua na safari. Ya pili tuliiua na maji. Tulikuwa tunakimbia sana, hatukuwa tunajua." Nikainua macho. Hakuwa amegusa hata mche mmoja kati ya ile iliyokufa. Alikuwa amelipinga jambo lote tangu mwanzo. Alisema siye. Alisema tuliua. Mwanamke mmoja mwenye mtoto mgongoni akauliza, "Na ya tatu?" Mama Bitondo akanigeukia, akajipangusa mikono kwenye kitenge, akakaa. "Ya tatu," alisema, "mwenyewe huyu hapa. Furaha, simama, mutoto wangu. Sema nabo."

Nikasimama.